Lushoto hadi Mtae kwa Miguu: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Kazi ya Kubuni na Mwenye Moyo Mzito

Ukiwaambia watu unakwenda Mtae kwa miguu, wataanza kwa kukuuliza: kwani mabasi yamegoma? Wana haki ya kuuliza. Kwetu kutembea ni jambo la lazima. Mtoto anakwenda shule, mama anakwenda kisimani, mkulima anawahi gulio na kabichi zake. Mtu anayeliacha basi lenye kiti akashika njia ya mlima huonekana ama hana nauli, ama ana lake jambo.

Basi na awe na lake jambo. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake: mwandishi ambaye ukurasa haumfungukii, fundi mitindo aliyechoka kurudia michoro ileile, mtu aliyefiwa na waombolezaji wameshatawanyika, ndugu wawili ambao mazungumzo yao siku hizi huishia kwenye bei ya vitu. Safari yenyewe ina siku tatu za kutembea katika Usambara Magharibi, mkoani Tanga, pamoja na siku moja ya kuanzia na moja ya kupumzika mwisho. Nimeichagua njia hii kwa sababu vijiji vyake viko karibu karibu, hewa ni ya baridi, pa kulala papo, na watu wake bado wanasalimiana.

Ushauri wangu mkuu nauweka hapa juu, maana yote yanayofuata yanautegemea: panga mwendo kwa salamu, usiupange kwa kilomita. Anayewahi kufika atapata mazoezi ya mwili na picha za simu. Anayekwenda taratibu kiasi cha kusimama kwa kila mzee njiani ndiye atakayerudi na wazo, na mtu aliyefahamiana naye, na kifua kilichopungua uzito.

Kwanza, andika swali moja

Wiki moja kabla ya kuondoka, andika swali moja tu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Liwe swali lenye majibu mengi: "Hadithi hii naweza kuianzia wapi?" "Nifanye nini na nyumba aliyoiacha baba?" Usibebe swali lenye jibu moja, kama hesabu za biashara au tarehe za mkopo.

Jambo hili lina ushahidi. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walipima watu wakiwa wamekaa na wakiwa wanatembea. Waliotembea walitoa mawazo mapya mengi zaidi, kwa wastani wa asilimia 60 hivi, hata walipotembea ndani ya chumba juu ya mashine wakiangalia ukuta mtupu. Faida hiyo iliendelea kwa muda baada ya kukaa chini. Lakini kwenye maswali yenye jibu moja sahihi kutembea hakukuwasaidia. Walifanya vibaya kidogo. Kwa hiyo hesabu zibaki nyumbani, na kazi ya kuandika ifanywe mara tu unapokaa, kabla hata ya kuoga.

Chagua mwezi

Masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Njia za udongo mwekundu huteleza, na barabara ya kupanda kutoka Mombo hupata maporomoko. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, na mwaka mwingine huwa nyepesi kiasi cha kutembeka. Wakati mzuri ni mwishoni mwa Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Julai kuna ukungu na baridi ya usiku inayomshangaza mtu wa Dar es Salaam au Tanga mjini, hivyo sweta zito ni lazima. Mimi naupenda ukungu ule. Unamnyima mtu mandhari asubuhi nzima, akabaki na hatua zake na sauti za watu walio mashambani asiowaona.

Andaa miguu, halafu mzigo

Anza wiki tatu kabla. Tembea saa moja mara tatu kwa wiki ukivaa viatu vilevile utakavyosafiri navyo, na wiki ya mwisho ubebe begi likiwa limejaa. Kama mtaa wenu ni tambarare, tafuta ghorofa upande na kushuka ngazi. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti Usambara kuliko kupanda, kwa hiyo kata fimbo au nunua moja Lushoto.

Buti zilizokwisha kuzoea mguu ni bora kuliko mpya za bei kubwa. Raba yenye soli ya meno inatosha wakati wa kiangazi. Soksi za pamba hushika jasho na kuleta malengelenge. Tafuta za sufu au za michezo, jozi tatu. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Paka mafuta mazito katikati ya vidole kila asubuhi. Ukisikia sehemu ya mguu inaanza kuwaka moto, simama hapohapo, vua, kausha, bandika plasta. Usiseme "nitafika kwanza." Lengelenge likishatokea usilipasue, lifunike liwe na ngozi yake.

Begi la mgongoni lisizidi kilo nane pamoja na maji. Weka nguo za kubadilisha mara moja, sweta, koti la mvua, khanga au kikoi, tochi, chupa za maji za jumla ya lita mbili, vidonge vya kutibu maji, plasta, paketi za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, dawa zako za kila siku, daftari dogo na kalamu mbili. Khanga ni taulo, shuka, kinga ya jua na heshima ya kuingilia nyumbani kwa watu. Mwenye kisukari au shinikizo la damu azungumze na daktari wake kabla, kuhusu chakula na vipimo vya dawa kwa siku za kupanda milima.

Toa fedha taslimu Lushoto, noti ndogo ndogo. Mawakala wa fedha za simu wapo njiani, ila mtandao hupotea mabondeni.

Lushoto: siku ya kuanzia

Mabasi ya moja kwa moja hutoka Dar es Salaam na Tanga. Anayetoka Arusha au Moshi hushuka Mombo, kwenye barabara kuu, akapanda gari dogo. Kutoka Mombo ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, ukipita Soni na maporomoko yake. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, wakaufanya pa kulikimbia joto la pwani.

Fanya mambo mawili siku hiyo. Kwanza, tafuta mwongozaji wa hapo hapo, Msambaa anayeijua njia hadi Mtae. Waulize watu wa gesti utakayolala, au ofisi za utalii wa kitamaduni mjini. Njia za mkato za mashambani ni nyingi na hazina vibao, na mwongozaji ndiye atakayekufundisha salamu za Kishambaa na kukueleza nyumbani kwa nani unapita. Kubalianeni bei kabla, mwandikiane: malipo kwa siku, chakula na malazi yake, nauli yake ya kurudi. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na kuna ada ya kuingia. Mwambie mwongozaji aishughulikie leo, msianze kuhangaika nayo kesho langoni.

Pili, jioni nenda Irente kwa miguu. Ni kilomita tano au sita kwenda, kwenye ukingo wa mlima ambapo ardhi hukatika ghafla na chini kabisa unaona Mazinde na nyika ikipotelea mbali. Ni jaribio la viatu na magoti kabla ya kuingia njia kuu. Wakati wa kurudi nunua mkate na jibini kwenye shamba la Irente, chakula cha kesho porini. Kama goti linalia leo, badilisha mpango leo.

Siku ya kwanza: Magamba hadi Lukozi

Ondokeni saa moja asubuhi. Njia inapanda hadi kwenye msitu wa Magamba, na mle ndani joto hushuka mara moja. Kuna mikulo, miti mikubwa ambayo jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, limebeba jina la milima hii. Kuna mbega weupe wanaoruka huku mikia ikining'inia. Utasikia matawi kabla ya kuwaona.

Humu wekeni sharti: saa moja nzima pasiwe na maongezi wala simu. Mwambie mwongozaji mapema, asije akadhani mmekasirika. Dakika ishirini za mwanzo kichwa kitapiga kelele chenyewe: madeni, maneno ya bosi, ujumbe ambao hukuujibu. Usipigane nayo. Hesabu hatua kwa pumzi, hatua nne ukivuta na nne ukitoa, na mlima ukiwa mkali punguza ziwe mbili mbili. Kelele hupungua zenyewe.

Mwaka 2015 Gregory Bratman na wenzake, wa Stanford pia, waliwapa watu matembezi ya dakika 90, wengine kwenye eneo la majani na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Wa kwenye miti walipunguza ile tabia ya kucheua mawazo mabaya ya kujilaumu. Wa barabarani hawakubadilika. Ndiyo maana kila mahali ambapo barabara ya magari na njia ya msitu vinafika kijiji kimoja, shika ya msitu hata kama inaongeza saa.

Mtafika Lukozi alasiri, mji mdogo wenye soko la mboga zinazosafirishwa kwenda mijini. Lala gesti, kula ugali, maharage na kabichi kwa mama ntilie, na uandike.

Siku ya pili: Lukozi hadi Rangwi

Siku hii ni fupi, na nimeifanya fupi kwa makusudi. Usiiunganishe na ya tatu kwa kuokoa gharama za malazi. Mnapita katikati ya mashamba ya viazi mviringo, karoti na kabichi yaliyokatwa ngazi kwenye miteremko, na hapa ndipo salamu zinapoanza kwa wingi.

Elewa ilivyo njiani. Mama mmoja anateremka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mkubwa hata uso wake huuoni vizuri. Njia ni nyembamba. Wewe ndiye unayempisha, kwa sababu yeye amebeba. Panda upande wa mlima usimame, yeye apite bila kugusa ukingo. Toa spika za masikioni. "Shikamoo mama." Atasimama, na mzigo wake uleule kichwani, akuitikie marahaba, akuulize mnatoka wapi na mnaenda wapi. Jibu kikamilifu. Ukisema "tunatembea tu" utamwacha na mashaka, na wewe utakuwa umepoteza nafasi. Sema ulichokuja nacho: "Natoka Morogoro, nimempoteza dada yangu, nimeona nitembee kidogo." Mara nyingi atakupa pole, na kama naye ana lake la kukupa, atakupa. Watu hufunguka kwa mgeni wa njiani kwa sababu kesho hayupo, na mgeni naye hufunguka kwa sababu hiyohiyo.

Kwa walio shambani, "poleni na kazi" ndiyo salamu. Watoto wasalimie kwa majina wakishakuambia. Usigawe pipi wala hela, maana utakuwa umewafundisha kuwaona wageni wajao kama duka. Ukikaribishwa chakula, kaa, onja. Picha huombwa kabla ya kupigwa.

Nchi hii ina kumbukumbu ndefu ya mgeni aliyekuja kwa miguu. Masimulizi ya Wasambaa yanamtaja Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu na mbwa wake, akaua nguruwe waliokuwa wakila mazao, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya mashambani. Alipoua simba akapewa jina la Simba Mwene, na ukoo wake, Wakilindi, ukatawala kutoka mji wa Vugha. Wewe huendi kutawala mtu, lakini mpangilio ni uleule: mgeni anatoa kitu kwanza. Una habari, una mikono, una mgongo. Kumsaidia mzee kusukuma toroli la viazi mpaka kilimani ni salamu nzuri kuliko maneno.

Rangwi masista wa Kikatoliki hupokea wageni; mwongozaji apige simu mapema. Mtafika mchana, na mchana wote uliobaki ni wa daftari.

Namna ya kutumia daftari

Usiandike ukiwa unatembea. Kila mnapopumzika, andika vitu vitatu ulivyoviona au kuvisikia, bila maoni: "Mlango wa bluu umefungwa kwa kamba ya katani. Mwanamume anamwita ng'ombe Asha. Harufu ya moshi wa mkaratusi." Wazo likija njiani, lirekodi kwa simu kwa sentensi moja, uendelee.

Jioni, kabla ya kuoga, kaa nusu saa. Rudi kwenye swali la ukurasa wa kwanza, andika majibu kumi hata kama saba ni ya ovyo. Usichague usiku huo. Kuchagua ni kazi ya nyumbani, mezani, na akili ya kukaa. Anayechora afanye vilevile kwa mistari, anayetunga nyimbo arekodi kwa mdomo. Mwendo wa hatua una mapigo, na watunzi wengi wa mashairi watakuambia mizani huja mguuni kabla haijaja kichwani.

Kwa aliyefiwa, na kwa mnaokwenda wawili

Msiba kwetu una watu wengi mwanzoni. Matanga yakishaanuliwa, nyumba hubaki kimya na watu hutegemea uwe umeshazoea. Safari hii inafaa kipindi hicho, wiki au miezi baadaye. Siku za kwanza kaa na watu wako. Nenda na mtu mmoja anayeweza kunyamaza. Watu wawili wanaotembea sambamba hawaangaliani usoni, na kwa sababu hiyo mambo yaliyoshindikana sebuleni husemeka. Mwenzako akianza kulia, usimsimamishe wala usimpe mawaidha. Punguza mwendo, kaa karibu, endelea kutembea. Akitaka kusimama atasimama.

Wawili wenye mgogoro watengeneze utaratibu: kipande kimoja cha njia anasema mmoja, mwingine anasikiliza hadi kituo kinachofuata, kisha wanabadilishana. Mwenye pumzi ndogo aongoze, ili mwendo uwe wake.

Kutembea hakuchukui nafasi ya hospitali. Mtu asiyelala wiki kwa wiki, asiyekula, au anayewaza kujidhuru, apelekwe kwa daktari kwanza, na asipelekwe kwenye ukingo wa mlima.

Siku ya tatu: Rangwi hadi Mtae

Ndiyo siku ndefu, karibu saa saba pamoja na mapumziko. Mnapita Sunga, mkifuata migongo ya milima huku mabonde yakiwa pande zote mbili. Bebeni maandazi, ndizi, mayai ya kuchemsha, maji ya kutosha. Saa nne asubuhi kula, hata kama huna njaa. Wanaoishiwa nguvu saa nane ni wale waliosubiri njaa.

Mtae umejengwa juu ya ulimi wa mlima. Nyumba zinafuatana ukingoni, na chini kabisa ni nyika ya Mkomazi ikiendelea upande wa Kenya. Mkifika, usikimbilie ukingoni kupiga picha. Tafuta gesti, vua viatu, tia miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, andika nusu saa yako. Jua la kuzama litakuwapo na kesho.

Siku inayofuata usiende popote kwa lazima. Alfajiri kaa ukingoni. Kuna kanisa la zamani la Kilutheri la enzi za Wajerumani. Kuna wazee wanaokaa dukani ambao wameiona nyika ile chini miaka yote na wana la kusema juu ya mvua. Mwenye miguu bado anaweza kwenda Mambo, jirani, kwenye magenge mengine. Hii ndiyo siku ambayo swali la daftari hujibika kwa wengi, nadhani kwa sababu mwili umechoka vya kutosha kuacha kuisumbua akili.

Kurudi

Basi la kurudi huondoka Mtae alfajiri sana, giza bado. Muulize kondakta jioni, chukua namba yake, mwambie unalala gesti gani. Ni kilomita 60 hivi kwa barabara hadi Lushoto, na mtapita kwa saa chache mahali mlipopita kwa siku tatu. Kaa dirishani.

Usirudi kazini siku ya kufika. Pata siku moja mezani na lile daftari: pitia majibu yote, chagua mawili, anza kulifanyia kazi moja siku hiyohiyo hata kwa ukurasa mmoja. Kisha weka saa moja ya kutembea mtaani kwako, mara mbili kwa wiki, kwa sharti lilelile la kimya na la salamu. Wa Nairobi ana Karura na vilima vya Ngong. Wa Dar es Salaam ana msitu wa Pugu.

Na kama ulimpiga mtu picha ukamwahidi, isafishe studio ndani ya wiki hiyo. Andika nyuma jina lake na kitongoji chake, tia kwenye bahasha, mpe kondakta wa basi la Mtae, kisha mpigie mwongozaji kumwambia imeshapakiwa.